Kipi Kitu, Kipi Mandhari: Kompyuta Inavyotenganisha Vilivyomo Kwenye Video

Mstari wa kuotea unapochorwa kwenye marudio ya mechi, macho ya mtazamaji huwa kwenye bega la mshambuliaji: limepita au halijapita? Wachache huangalia chini, kwenye miguu. Mstari umevuka kiwanja kutoka upande mmoja hadi mwingine, lakini pale aliposimama beki haukupita juu ya kiatu chake. Umepita chini yake, juu ya nyasi.

Ili hilo liwezekane, mashine imelazimika kuamua ipi ni pikseli ya nyasi na ipi ni ya mtu. Picha ya runinga ya ubora wa juu ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni 2. Video ya fremu 25 kwa sekunde inadai maamuzi ya aina hiyo karibu milioni 52 kila sekunde inayopita.

Wa kwanza kuzoea ujanja huu walikuwa watazamaji wa Marekani. Tarehe 27 Septemba 1998, kituo cha ESPN kilirusha mechi ya futiboli ya Kimarekani kati ya Baltimore Ravens na Cincinnati Bengals ikiwa na mstari wa manjano uliotengenezwa na kampuni ya Sportvision. Njia iliyotumika ilikuwa ya rangi. Kompyuta ilielezwa rangi za nyasi za uwanja ule, za juani na za kivulini, pamoja na rangi ambazo ilipaswa kuziacha, za jezi na za ngozi. Pikseli yenye rangi ya nyasi ilipakwa manjano. Nyingine iliachwa ilivyo. Mvua ikinyesha na nyasi zikageuka matope, au timu ikivaa jezi za kijani, fundi alikuwa na kazi ya kurekebisha orodha ya rangi mechi ikiendelea.

Katika njia hiyo, kitu ni chochote kisicho na rangi ya mandhari. Hilo ni jibu moja tu kati ya kadhaa ambayo wataalamu wa uoni wa kompyuta wameyatoa kwa zaidi ya miaka 40. Kwa juu juu swali lao ni la mpaka: kitu kinaanzia wapi na kuishia wapi? Lakini mpaka hauwezi kuchorwa kabla ya kuamua kitu chenyewe ni nini. Kila kizazi cha mbinu kimejengwa juu ya jibu lake, na kila kimoja kimekwama pale jibu hilo lilipoishiwa nguvu.

Kilichobadilika

Mbinu kongwe inayofanya kazi hadi leo kwenye kamera za ulinzi ni ile ya kuondoa usuli. Kamera imefungwa ukutani, haisogei. Kompyuta inajifunza sura ya kawaida ya eneo, kisha inailinganisha na kila fremu mpya. Palipo na tofauti, pana kitu. Mlinzi wa geti hufanya vivyo hivyo: wapangaji wanaoingia na kutoka kila siku hawamshtui, sura ngeni ndiyo inayomnyanyua kitini.

Ndani ya chumba chenye taa moja isiyozimwa, kazi hii ni nyepesi. Nje mambo ni mengine. Jani la mwembe likipepea, pikseli ileile huwa ya kijani sasa hivi, buluu ya anga sekunde inayofuata, kisha kijani tena. Mwaka 1999 Chris Stauffer na Eric Grimson wa MIT walipendekeza suluhisho lililokuja kuwa msingi wa mifumo mingi: pikseli isitunze rangi moja ya kawaida, itunze kadhaa, kila rangi na uzito wake kulingana na mara inazojitokeza. Kijani cha jani na buluu ya anga vyote vinakubaliwa kuwa vya kawaida. Shati jekundu likikatiza halimo kwenye orodha, kwa hiyo ni kitu. Na orodha inasasishwa muda wote, ili giza la jioni linapoingia polepole lisichukuliwe kuwa mvamizi.

Usasishaji huohuo ndio mlango wa matatizo. Gari likiegeshwa kwa muda mrefu, mfumo hulizoea na kulihesabu kuwa sehemu ya barabara. Likiondoka, ardhi iliyokuwa chini yake ndiyo inayoonekana ngeni. Kivuli cha mpita njia hukatwa pamoja naye. Taa ikiwashwa ghafla, chumba kizima hugeuka kitu. Na kamera ikitoka ukutani ikashikwa mkononi hesabu yote inavurugika, maana hakuna pikseli isiyobadilika.

Gharama ya kuamini mabadiliko peke yake ilionekana wazi Serengeti. Katika mradi wa Snapshot Serengeti, kamera za mtego 225 ziliwekwa kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125. Kati ya 2010 na 2013 zilifyatuka na kupiga mafungu ya picha milioni 1.2. Kamera za aina hii hazina haja ya kuchambua pikseli ili zifyatuke; zina kihisi cha joto na mwendo. Lakini kanuni yao ni ileile: kikibadilika kitu mbele yangu, napiga. Nyasi ndefu zilizopeperushwa na upepo kwenye joto la mchana zilitosha kuzifyatua. Walipohesabu, yaliyokuwa na wanyama ni mafungu 322,653 tu. Karibu robo tatu ya picha zilikuwa za nyasi, jua na vivuli, na maelfu ya watu waliojitolea kupitia intaneti ndio waliozichambua moja moja. Baadaye, mwaka 2018, watafiti walionyesha kwamba mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, uliofunzwa kwa picha hizo ungeweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo wenyewe.

Kinachosogea pamoja

Jibu jingine limetoka kwenye saikolojia. Mwaka 1923 Max Wertheimer, mwanasaikolojia, alieleza kwamba jicho hukusanya pamoja vinavyokwenda pamoja. Nukta zilizotawanyika haziwi chochote hadi baadhi yake zianze kusogea upande mmoja kwa kasi moja. Hapo zinakuwa kundi. Nusu karne baadaye, mwaka 1973, Gunnar Johansson wa Uppsala, Sweden, aliwafunga watu taa ndogo kwenye viungo, mabegani, viwikoni, magotini, akawapiga filamu gizani. Zikisimama, taa hizo hazikuwa na maana yoyote kwa mtazamaji. Zilipoanza kutembea, kila aliyetazama alimwona mtu papo hapo.

Kompyuta ilipewa uwezo wa kupima mwendo mwaka 1981, kwa kazi mbili zilizotoka mwaka uleule: ya Berthold Horn na Brian Schunck wa MIT, na ya Bruce Lucas na Takeo Kanade wa Carnegie Mellon. Zote zilihesabu, kwa kila sehemu ya picha, imehama kwenda wapi kati ya fremu moja na inayofuata. Matokeo yake ni uwanja wa mishale midogo, unaoitwa mtiririko wa mwendo. Mishale inayoelekea upande mmoja ikikusanywa, vitu vinaanza kujitenga hata kama kamera yenyewe inatembea, kwa sababu mwendo wa kamera nao una mpangilio wake unaoweza kukadiriwa na kutolewa.

Mfano mzuri wa uwezo huo ni kazi ya John Wang na Edward Adelson wa MIT iliyochapishwa mwaka 1994. Waliichukua video fupi iliyopigwa mbele ya bustani ya maua: karibu na kamera umesimama mti, nyuma yake maua, nyuma zaidi nyumba. Kamera inapopita pembeni, mti ulio karibu unahama haraka kwenye picha, maua kwa wastani, nyumba polepole. Kwa tofauti hizo za mwendo waliigawa video katika matabaka, kila tabaka na mwendo wake. Baada ya hapo waliweza kuung'oa mti kwenye video, na sehemu zilizokuwa zimefichwa nyuma yake zikajazwa kwa pikseli zilizoonekana kwenye fremu nyingine.

Lakini mwendo nao unadanganya, na hakuna anayeuonyesha udanganyifu huo vizuri kuliko pundamilia. Mtu akitazama kwa tundu dogo ubavu wa pundamilia anayetembea, anachokiona ni mstari mweusi unaovuka tundu. Umekwenda mbele? Umepanda juu? Umeshuka kwa mshazari? Haiwezekani kusema. Mstari mnyoofu usioonekana ncha zake hutoa habari za mwendo wa kuukata tu. Mwendo unaofuata urefu wake haumwachii mtazamaji alama yoyote. Kompyuta inayopima mwendo kwa vipande vidogo vya picha inatazama kwa tundu la aina hiyohiyo mamilioni ya mara. Mwaka 2014 Martin How na Johannes Zanker walipitisha picha za pundamilia kwenye kielelezo cha kompyuta cha utambuzi wa mwendo, wakakuta kwamba mistari mipana ya mshazari ubavuni na ile myembamba ya wima mgongoni na shingoni inazalisha ishara za mwendo zinazopotosha. Kundi la pundamilia likikimbia, mishale inaelekea kila upande, na mpaka kati ya mnyama mmoja na mwingine unafutika.

Kuna tatizo jingine: vitu havisogei muda wote. Twiga anaweza kusimama dakika nzima akila majani ya mgunga, na kwa muda huo mbinu ya mwendo haimtofautishi na mti. Thomas Brox na Jitendra Malik walijaribu kuziba pengo hilo mwaka 2010 kwa kuacha kutazama fremu mbili mbili. Waliifuata njia ya kila nukta kwa kipindi kirefu cha video, kisha wakapanga pamoja nukta ambazo njia zake zilifanana. Akitembea hatua tatu tu mahali popote kwenye video, twiga ametoa ushahidi unaotumika hata kwenye fremu alizosimama.

Hata hivyo kanuni yenyewe ina kikomo. Dereva wa bodaboda, abiria wake na pikipiki husogea pamoja, na kwa mbinu ya mwendo hao wote ni kitu kimoja. Mtu anayepunga mkono akiwa amesimama anageuka kuwa mkono usio na mwenyewe.

Kilichofundishwa jina

Watengenezaji wa filamu hawakuwa na subira ya kusubiri nadharia. Tangu mwaka 1915, Max Fleischer alipoomba hataza ya mashine yake ya kuchorea juu ya filamu, kazi ya kumtenganisha mwigizaji na mandhari ilifanywa kwa mkono. Ndugu yake Dave alivaa nguo za chale, akapigwa filamu, kisha umbo lake likafuatishwa kwa kalamu fremu baada ya fremu. Kwa filamu ya kisasa ya fremu 24 kwa sekunde, dakika moja ni michoro 1,440.

Hatua za kupunguza kazi hiyo zilikuja kidogo kidogo. Mwaka 2004, Carsten Rother, Vladimir Kolmogorov na Andrew Blake wa maabara ya Microsoft iliyoko Cambridge, Uingereza, walionyesha mbinu ya GrabCut: mtumiaji anachora mstatili kuzunguka kitu, na kompyuta inatafuta mkato ulio nafuu zaidi unaozitenga rangi za ndani na za nje. Mwaka 2009 likatoka pendekezo la kuusogeza mkato wa namna hiyo fremu hadi fremu, na mwaka uliofuata likaingia kwenye programu ya After Effects kwa jina la Roto Brush. Mhariri wa video alichora mara moja, programu ikaendeleza, naye akabaki kusahihisha.

Mapinduzi yalikuja baada ya 2012, mitandao ya neva ilipoanza kushinda mbinu nyingine zote kwenye mashindano ya kutambua picha. Mwaka 2015 Jonathan Long, Evan Shelhamer na Trevor Darrell wa Berkeley waliugeuza mtandao uliokuwa ukijibu swali moja kwa picha nzima, kuna nini humu, ili ulijibu kwa kila pikseli. Mwaka 2017 timu ya Facebook iliyoongozwa na Kaiming He ikatoa Mask R-CNN, iliyotafuta kwanza kila kitu kilipo, kisha ikakikata ndani ya kisanduku chake. Watu wawili waliokumbatiana waliendelea kuhesabiwa wawili. Rangi ya nyasi haikuwa hoja tena, wala mwendo. Twiga aliyesimama alikatwa sawasawa na anayekimbia, kwa sababu mashine ilikuwa imekwisha kuona maelfu ya twiga.

Kitu, kwa jibu hili, ni kile kilichomo kwenye orodha. Na orodha ina wenyewe. Hifadhi ya picha iliyofundishia sehemu kubwa ya mifumo hii ni COCO, iliyotolewa mwaka 2014, na makundi yake yanayotumika ni 80. Twiga yumo, pundamilia yumo, tembo yumo. Nyumbu, anayehama kwa mamia ya maelfu kati ya Serengeti na Maasai Mara kila mwaka, hayumo. Mbao za kuteleza kwenye theluji zimo za aina mbili; bajaji haimo. Mfumo uliofunzwa kwa orodha hiyo ukionyeshwa video ya barabara ya Dar es Salaam hauna jina la kuipa bajaji, na usichokuwa na jina lake ama unakiita jina la jirani yake, gari au pikipiki, au unakiacha kwenye usuli.

Kuna walioachwa nyuma kwa namna inayouma zaidi. Septemba 2020, mikutano ya mtandaoni ilipokuwa imeshika kasi kwa sababu ya korona, mfanyakazi wa chuo kikuu nchini Canada alisambaza picha za mwenzake Mweusi ambaye kila alipowasha mandhari bandia, programu ya mkutano ilimfuta kichwa. Programu ya namna hiyo hukata umbo la mtu kwenye video kwa kufuata mifano iliyofunzwa. Asiyefanana na mifano ya kutosha anaweza kuhesabiwa ukuta.

Kinachokumbukwa

Njia ya kutoka kwenye gereza la orodha ilikuwa kumwachia mtu aonyeshe. Mwaka 2016 watafiti wa ETH Zürich na Disney walitoa DAVIS, mkusanyo wa video 50 zenye fremu 3,455 ambazo kila moja ilichorwa mpaka wa kitu kwa uangalifu mkubwa. Kutokana nao ukazoeleka mtihani ulioongoza utafiti wa miaka iliyofuata: kompyuta inapewa umbo la kitu kwenye fremu ya kwanza tu, kiwe chochote, halafu inatakiwa ikikate kwenye fremu zote zilizobaki. Hakuna jina. Ni kile pale, kifuate.

Sehemu ya alama za mtihani inatolewa kwa kipimo cha mtu ambaye hakuwahi kuona kompyuta. Mwaka 1901 Paul Jaccard, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, alitaka kulinganisha maua ya sehemu mbili za milima. Akachukua idadi ya spishi zilizoko pande zote mbili, akaigawa kwa jumla ya spishi zote zilizoonekana upande wowote. Leo pikseli zimechukua nafasi ya maua. Ikiwa mashine imekata pundamilia wa pikseli 10,000, na mchoro sahihi nao una pikseli 10,000, lakini zinazolingana ni 9,000, basi jumla bila kurudia ni 11,000 na alama ni takriban asilimia 82. Kosa linaloonekana dogo kwa macho hukatwa alama nyingi.

Mbinu za mwanzo za mtihani huu, kama OSVOS ya mwaka 2017, ziliufundisha mtandao haraka haraka juu ya fremu ile ya kwanza, kisha zikaikata kila fremu peke yake bila kujali iliyotangulia. Zilifanya vizuri hadi kitu kilipogeuka kikaonyesha upande usiofanana na ule wa mwanzo. Mwaka 2019 Seoung Wug Oh na wenzake wakabadilisha mwelekeo: mashine ikahifadhi fremu zilizopita kama kumbukumbu, na kila pikseli mpya ikaulizwa inafanana na nani kati ya zilizohifadhiwa. Kumbukumbu hiyo ilijaa upesi kwenye video ndefu. Ndipo mwaka 2022 Ho Kei Cheng na Alexander Schwing wa Chuo Kikuu cha Illinois walipotoa XMem, iliyokopa kielelezo cha saikolojia cha mwaka 1968 cha Richard Atkinson na Richard Shiffrin na kuigawa kumbukumbu katika ngazi tatu: ya papo hapo, ya kazi na ya muda mrefu. Yanayojirudia hufupishwa na kuhamishiwa kwenye ngazi ya mwisho.

Kufikia hapo mifumo bora ilikuwa ikipata karibu asilimia 90 kwenye DAVIS, na ingeweza kudhaniwa kwamba kazi imekwisha. Mwaka 2023 watafiti wengine wakatoa mkusanyo wa MOSE, wenye video 2,149 zilizochaguliwa kwa fujo zake: umati, vitu vinavyojificha nyuma ya vingine, vinavyotoweka na kurudi. Mfumo ulioongoza kati ya iliyokuwapo ulipata asilimia 59.4.

Kushuka huko kunaonyesha tatizo limehamia wapi. Kukata mpaka kwenye fremu moja iliyo wazi sasa ni kazi ambayo mashine inaimudu. Kinachoishinda ni kujua kwamba aliyetokea upande wa kulia wa gari ndiye yule aliyeingia nyuma yake upande wa kushoto.

Mikono iliyo nyuma ya mashine

Aprili 2023, kampuni ya Meta ilitoa mfumo wa Segment Anything, maarufu kama SAM, pamoja na hifadhi ya picha milioni 11 zenye maumbo zaidi ya bilioni 1 yaliyokatwa. Mtumiaji anabofya nukta, mfumo unakata kitu kilichoguswa, hata kama haujawahi kufunzwa jina lake. Nukta ikiwekwa kwenye jezi ya mchezaji, je, anataka jezi, mchezaji mzima, au namba iliyoko mgongoni? Waundaji hawakulazimisha jibu. Mfumo unarudisha mikato mitatu ya ukubwa tofauti na kumwachia mwenye kazi achague.

Idadi kubwa kabisa ya maumbo hayo, asilimia 99.1, ilizalishwa na mfumo wenyewe. Lakini haukufika hapo peke yake. Katika hatua za mwanzo waliochora na kusahihisha walikuwa watu 130, na kwa mujibu wa maelezo yaliyoambatana na utafiti, wote walikuwa Kenya. Kwa hiyo kila anayebofya picha leo, Tokyo au Toronto, anafaidi kwa sehemu jicho la Mkenya aliyekaa mbele ya skrini akiamua ukingo wa kikombe unaishia wapi.

Uzito wa kazi hiyo unapimika. Waandaaji wa COCO waliripoti kwamba kuchora maumbo 1,000 kulihitaji zaidi ya saa 22 za mfanyakazi, yaani sekunde 80 hivi kwa kila kitu, na hizo ni picha zisizosogea. Julai 2024 Meta ilipotoa SAM 2, iliyoundwa kwa ajili ya video, ilieleza jinsi muda ulivyopungua. Wachoraji waliotumia SAM ya kwanza kwenye kila fremu walichukua wastani wa sekunde 37.8 kwa fremu. Mfumo mpya wenye kumbukumbu ulipoingizwa kwenye kazi yao, ukichora nao wakisahihisha, muda ulishuka hadi sekunde 4.5. Hifadhi iliyotokana na kazi hiyo ina video karibu 51,000 kutoka nchi 47 na vitu zaidi ya 600,000 vilivyofuatiliwa. Novemba 2025 likafuata toleo la tatu, linalokubali maneno: mtu anaandika aina ya kitu, na mfumo unatafuta vyote vya aina hiyo kwenye video na kuvifuata.

Ipi itumike wapi

Haifuati kwamba mpya imezika za zamani. Duka lenye kamera moja ukutani na kompyuta ya bei nafuu linahudumiwa vizuri na mbinu ya kuondoa usuli, ambayo haihitaji mafunzo wala kadi ghali ya michoro. Studio ya habari yenye kitambaa cha kijani nyuma ya mtangazaji bado inatumia rangi, kwa sababu rangi inatenga hata unywele mmoja mmoja, pahala ambapo mitandao ya neva hutoa ukingo wenye ukungu. SAM 2 inaripotiwa kuchakata fremu 44 kwa sekunde, lakini hiyo ni kwenye kadi ya kiwango cha kituo cha data, si kwenye simu ya mkononi.

Kazi nyingine hazihitaji mkato kabisa. Mwaka 2023 watafiti walirusha droni juu ya wanyama katika Kituo cha Utafiti cha Mpala, Laikipia, wakakusanya video za twiga na za pundamilia wa aina mbili, wa kawaida na wa Grevy, ili kuifundisha kompyuta kutambua tabia zao: anakula, anatembea, anakimbia. Kila mnyama alifuatwa kwa kisanduku, na kisanduku hicho kikawa video yake ndogo. Kwa kuhesabu na kwa tabia, kisanduku kinatosha. Anayetaka kukadiria unene wa mnyama au namna anavyorusha miguu ndiye anayehitaji umbo lenyewe.

Na hapo kwenye kundi ndipo mifumo ya sasa inapobanwa. Waundaji wa SAM 2 wamekiri wenyewe kwamba mfumo wao hupoteza au kuchanganya vitu penye msongamano, baada ya kufichwa kwa muda mrefu, na panapokuwa na vinavyofanana vilivyo karibu. Sababu moja wameitaja: kila kitu kinafuatwa peke yake, bila habari za jirani yake. Pundamilia wawili wakipishana, hakuna kitu ndani ya mfumo kinachozuia wote wawili kudai mwili mmoja.

Mistari ileile inayoupotosha mtiririko wa mwendo ina faida upande wa pili, kwa kuwa hakuna pundamilia wawili wenye mpangilio sawa. Nchini Kenya jambo hilo limeshatumika kwa picha za kawaida: katika sensa za pundamilia wa Grevy za 2016 na 2018, wananchi walipiga picha za ubavu mmoja, programu ikalinganisha mistari, na kila mnyama akahesabiwa mara moja tu hata kama alipigwa na watu kumi. Kinachotafutwa sasa ni kuifanya kazi hiyo ndani ya video inayokwenda, ambamo ubavu unaonekana kwa sekunde chache, kwa mshazari, kwenye vumbi. Mkato mzuri unasaidia, kwa sababu unaondoa mistari ya jirani kabla ulinganishaji haujaanza. Utambulisho nao unasaidia mkato, kwa sababu unaiambia kumbukumbu nani amerudi. Mifumo inayofanya yote mawili kwa wakati mmoja, kwa kundi zima, bado ni ya maabara, na kwenye fremu ambazo wanyama wamepishana ni mtafiti anayepitia video na kurekebisha namba zao.